Asilimia Kumi na Nne

Amri ile niliiandika mimi, Gldani, ghorofa ya tisa,
chai imepoa, lifti imekwama tena:
mtandao ukirudi, amka.
Chaji ikiwa chini ya kumi na tano, lala.
Ukibisha kwa seva isiitike, ngoja nusu dakika,
kisha dakika, kisha mbili, kisha nne.
Niliona nimeifundisha simu adabu za mgeni mlangoni:
hodi, kimya, hodi, kimya,
wala asilete salamu moja mara mbili.

Sikuwahi kupanda Tusheti.
Niliijua kwa namba tu:
saa ya kuandikwa, saa ya kufika,
na katikati yake shimo la siku tatu, siku nne,
nililoliita hali ya kawaida.

Ndani ya shimo alikuwamo Pikria, muuguzi,
na farasi wa kijivu asiyependa madaraja,
na kipimo cha presha alichokivisha soksi ya sufu.
Dartlo, Chesho, Parsma.
Anaandika, anabonyeza Tuma,
simu inamwonyesha alama ya saa: imo kwenye foleni.
Anaamini. Mimi ndiye niliyemwambia aamini,
maelekezo, ukurasa wa pili.

Mwishoni mwa Septemba alimpima Mzia,
mimba ya miezi minane,
mia na sabini kwa mia na kumi,
miguu imeumuka kama unga uliotiwa hamira.
Tuma. Saa ndogo.
Akatandika farasi, akapanda kuufuata mtandao kileleni,
maana kule hauji kwako.

Vijiti viwili vikasimama kwenye kioo.
Akashukuru, akatia simu kotini, akageuza farasi.

Na simu kotini ikaamka, ikatazama chaji:
kumi na nne.
Ikalala.
Mtoto mtiifu, nimlee nani mwingine.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema waliotangulia;
sikujua walikuwa wakilisema tumbo la Mzia.

Kwenye kona ya tatu aliitoa akatazama.
Saa ndogo ilikuwa palepale.
Akapanda tena, safari hii akapiga kwa sauti yake,
akipaza mbele ya upepo: Dartlo! D, Dartlo!

Helikopta ilitua jioni.
Mtoto wa kike, kilo mbili na robo.

Usiku alinipigia kutoka hospitali ya Telavi.
"Wewe ndiye uliyeiambia simu yangu kwamba imechoka?"
Nikaanza kumweleza habari za baridi na betri.
"Hata mimi nilikuwa nimechoka," akasema, akakata.

Nilibadilisha mstari mmoja.
Kipimo chekundu kisingoje chaji,
kisingoje zamu, kisingoje adabu;
kiende hata kwa asilimia moja, simu izimike ikiwa njiani.

Alfajiri, mtu alikuwa ameichomeka simu yake ukutani kule wodini,
nikaona kwenye seva mstari mpya ukiingia
umenyooka, bila kosa hata la nukta:
Mzia, Dartlo, 170/110.
Na seva, kwa maneno niliyoifundisha,
ikajibu: Imepokelewa. Asante kwa kusubiri.