Jani Ndani ya Barafu

Mteja kanirudishia pande la barafu asubuhi:
"Bi Mwanakheri, humu mna uchafu."
Nikaliinua kwenye mwanga wa mlango.
Jani la mwarobaini, moja, limelala kifudifudi
kama mtoto aliyeshindwa na usingizi mkekani.
Nikamrudishia mia tano yake. Sikubisha.

Maana jana usiku Kilua, mwana wa kaka yangu,
aliyesoma kwa ada ya barafu hii hii,
kaniletea picha kutoka ncha ya kusini ya dunia.
Nilivaa miwani, nikaivua, nikaivaa tena:
jiwe jeusi, na ndani yake jani
refu, lenye mshipa mmoja katikati,
mfano wa ulimi unaotaka kusema.

"Shangazi," sauti inakatika simuni,
"hapa palikuwa na msitu. Si vichaka. Msitu.
Visiki bado vimesimama, mizizi imeshika udongo
uliokwisha kuwa mwamba.
Tunahesabu pete: kiangazi mti ulinenepa,
kisha giza la miezi, ukafunga duka."
Kufunga duka ni maneno yangu. Yeye alisema ulilala.

Nikamwambia, basi barafu ndiyo iliyoutunza,
kama mie ninavyotunza changu na nguru wa watu.
Akacheka. "La, Shangazi. Ni tope, na muda.
Barafu alikuja juzi tu, kama mpangaji,
akakuta nyumba imejengwa na wenyewe hawapo."

Nimeuza baridi miaka thelathini na mmoja
hapa Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
nikidhani baridi naijua.
Kumbe ina kwao,
na huko kwao kuliwahi kufunga miti
kama Amani, kama Magoroto.
Usiniulize ni lini. Kilua aliitaja hesabu,
milioni kwa mamia, nikaiacha ipite
kama deni la mtu aliyehama mtaa.

Pande nimelitia kwenye beseni, chini ya meza.
Pumba za mbao zimeloa. Maji yanafuata mteremko
hadi kizingitini, kuku wa jirani anayadonoa.
Saa saba na robo jani likatoka,
bado bichi, bado chungu. Nimelionja.

Nimelibana ndani ya daftari la wadaiwa,
kati ya Mbaruku na mama Sempombe,
penye ukurasa usio na tarehe.

Mtu kabisha hodi.
"Barafu ipo?"
Ipo, nasema.
Kwa leo ipo.