Ndipo

Ofisini Al-Khuwair, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia,
naandika programu ya kuagizia maji.
Unaigusa nyumba yako kwenye ramani, unachagua galoni,
na kabla dereva hajapata funguo za lori
nimeshakutia kitu mkononi.
Si maji. Ahadi.

Mwanzo sikuielewa.
Nilidhani mashine hungoja kama nilivyongoja mimi
siku ya pasi ya kusafiria,
macho kwenye namba ukutani,
naogopa hata kwenda msalani.

Mama ndiye aliyenifundisha, asijue anafundisha.
Aliagiza tangi saa mbili asubuhi, akarudi kwenye mambo yake:
akaloweka choroko kwa maji ya chupa,
akampigia Bi Rayya wa Ibra, wakazichambua harusi mbili
na talaka moja,
akatoboa safu nzima ya vishimo vya kofia ya mjukuu.
Getini hakusimama.
Lakini honi ilipolia
mkono wake ulikuwa kwenye mfuniko wa tangi,
kana kwamba sikio lake moja
lilibaki kibarazani tangu asubuhi.

Nikaandika hivyohivyo.
Maji yakija, ndipo fungua.
Ukishafungua, ndipo pima.
Ukishapima, ndipo lipa.
Ndipo juu ya ndipo, kama ngazi ya kupandia darini,
na huku chini programu inaendelea kupika,
kusengenya,
kushona.

Nikajiona fundi.

Agosti ikaingia, joto la kushikika kwa mkono.
Bi Ghanima, mjane, Al-Amerat,
nyumba ya mwisho kabla lami haijaisha,
aliagiza galoni mia sita siku ya Jumapili.
Simu ikamwambia: Inasubiri.
Jumatatu: Inasubiri.
Jumanne akachota maji ya udhu kwenye birika la chai,
na ile simu, kwa adabu ileile:
Inasubiri.

Kumbe Shafqat, dereva, gia zilimfia mlimani
Jumapili hiyohiyo, saa tano,
na alituma habari, maskini, mara mbili.
Hapana yake ilifika mpaka kwenye seva.
Ikatafuta pa kuingia.
Nilikuwa nimejenga ndipo saba
na sikujenga hata kizingiti kimoja cha lakini.
Ikasimama hapo nje, ikanyamaza,
na kunyamaza kwake, kwenye kioo cha Bi Ghanima,
kulifanana kabisa na subira.

Nikamsimulia Mama, nikitaka anihurumie.
Hakunihurumia.
"Tumelelewa ahadi ni deni," alisema,
sindano ipo kwenye kofia, macho hayajanyanyuka.
"Sawa. Lakini mtu akikwambia sina, amekupa la kufanya.
Akikunyamazia, amekula siku yako."

Usiku ule kiyoyozi kilikuwa kinakohoa
na Sanjeev amelala kitini, viatu mkononi, sijui kwa nini.
Niliandika mistari minne.
Ikishindikana, idake.
Ukiidaka, sema.
Sema imeshindikana, sema kwa nini,
sema namba ya kampuni nyingine.
Mistari minne tu; aibu yake ilinipeleka mpaka alfajiri.
Na juu yake nikaacha maelezo
kwa lugha ambayo mkaguzi wetu haijui:

Ahadi ina milango, usijenge mmoja tu:
wa ndio uwe na mwango, wa la usiote kutu.

Wiki mbili baadaye, lori limekwama tena, mlima uleule.
Dakika nne, na kwa Bi Ghanima ikatokea nyekundu.
Akaagiza kwa wapinzani wetu. Wakampelekea kabla ya adhuhuri.
Meneja aliniita, akafunga mlango,
akaniuliza kama najua mshahara wangu unatoka wapi.

Niliporudi mezani palikuwa na ujumbe wa sauti.
Nyuma yake pampu inanguruma, maji yanagonga chini ya tangi tupu,
na bibi anapaza sauti apite juu ya kelele zote:
"Safari hii mmenikatalia upesi.
Ahsanteni sana, wanangu."