Utepe wa Mwisho

Ulibaki utepe mmoja tu wa magnesi,
hauzidi kidole cha shahada,
nasi hamsini na wanne, shuleni Kilembe,
na mizani ya kuazima kutoka duka la dawa.

"Majivu yatazidi uzito," alisema Mwalimu Kyakimwa.
"Metali ikiungua hula hewa."
Masereka akacheka. Kwao huchoma mkaa:
mti mzima huingia shimoni,
hutoka magunia mawili na kikohozi cha babake.

Kikombe cha kauri, moto wa spiriti chini yake.
"Mfuniko uinueni kidogo, hewa ipite."
Kidogo!
Nani angejua kidogo,
weupe ule ukichungulia?
Tuliuinua tena, na tena.
Ukameza ubao, ukameza ramani,
moshi ukatoka dirishani bila ruhusa
kuelekea mgodini.

Tukapima. Majivu mepesi kuliko utepe.
Masereka hakucheka.

Kitabuni jibu lilikuwepo, limepigiwa mstari.
Mwalimu akakifunga.
"Andikeni mlichopima.
Na chini yake, nani aliinua mfuniko."

Kalamu hamsini na tatu zikakwaruza.
Yangu ilichelewa.
Hata leo nikifumba macho
kuna kidoa cha kijani
kinachojua jina langu.