Sampuli ya Kumi na Nne

Mamangu hayajui majina ya Kilatini
niliyoyabandika kwenye chupa.
Yeye huuita "ule mti wa nyuma ya choo,"
huchuma konzi moja, huchemsha na chumvi kidogo.
Chumvi, mama, na presha yako mia themanini?
Hucheka: bila chumvi hata dawa haishuki.

Majani yake nimeyakausha kivulini siku tisa
juu ya magazeti, ghorofa ya tatu, joto la Tudor
likipanda ngazi pamoja nami.
Nimeyasaga, nimeyaloweka kwenye spiriti,
nimechuja mpaka ikabaki gundi nyeusi
inayonuka kama mkoba wa shule wenye ndizi iliyosahauliwa.
Siku tisa. Gramu mbili.

Kisha kipande cha mshipa wa panya,
chembamba kama uzi wa kushonea kofia,
kikining'inia kwenye maji vuguvugu, kikipulizwa hewa.
Nikakikaza kwanza kwa dawa ya kukaza.
Mstari ukapanda kwenye skrini, ukakaa juu
kama mama anaposikia bei ya unga.
Nikadondosha.
Dakika moja. Mbili.
Mstari ukainama,
ukainama tena, taratibu, kama mtu anayevua viatu.

Nilitaka kupiga simu.
Bwana Mwachofi akanishika mkono: rudia.
Nikarudia. Nikarudia na spiriti tupu, bila jani,
na spiriti nayo ikauinamisha mstari.
Si sana. Lakini ikauinamisha.
Siku hiyo nilikula mahamri peke yangu ngazini
nikifanya hesabu ya kutoa:
jani, kutoa spiriti, kimebaki nini?

Kimebaki kitu. Kidogo. Sikiiti dawa.

Jumapili, Mikindani, feni ikigugumia,
nikamfunga mama mkanda wa kipimo.
Mia arubaini na mbili. "Umeona? Mti wangu!"
Nikafungua kabati kutafuta sukari
nikakuta vidonge vya hospitali,
karatasi yake ya fedha imetobolewa tundu kwa tundu,
hakuna siku iliyorukwa.
Mama akatazama dirishani.
"Hivyo," akasema, "ni vya kuusaidia mti."

Nimeandika daftarini, kwa kalamu ya risasi:
sampuli ya kumi na nne, irudiwe.
Na chini yake, kwa herufi ndogo ambazo Mwachofi hatazisoma:
mgonjwa anatumia vyote viwili,
haijulikani kipi kinamshika mwenzake mkono.