Nenda Kanitafutie Mgeni

Mwaka wa kwanza nilikalishwa juu ya busati jipya,
nikalishwa wali na pweza hadi nikakosa pumzi,
maana Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa,
nyumba isiyo na mgeni ni nyumba ya kusikitikiwa.
Bi Kazija akanipitisha baraza kwa baraza:
"Huyu wangu. Katoka Burundi. Anajua kujenga."
Nilikuwa sijajenga kitu bado ila choo cha skuli.

Kisha uwanjani, vijana wa kusini
na wa kaskazini, kila mmoja na bua la mgomba,
wanatandikana migongoni, majimaji yanaruka.
Nikarudi nyuma hadi ukutani.
Kwetu watu wakianza kupigana hatuendi kutazama;
tunafunga mlango, tunahesabu watoto.
Mcha, aliyeniazima baiskeli, akanipita anahema,
shati limechanika, anacheka:
"Yule kaninunia tangu Ramadhani! Leo tumemalizana."
Na kweli, jioni niliwakuta kwenye sinia moja.

Mama alipiga simu kutoka Ngozi.
Wanapigana, halafu?
Halafu wanachoma kibanda cha makuti, mama,
mtu anachomoka ndani, moshi unakwenda zake.
Halafu?
Halafu wanawake wanaimba matusi, na wamependeza kweli.
Kimya. Nikasikia kuku wake.
Halafu wanakwenda kuoga.

Leo ni mwaka wa tatu.
Nimeamka mapema, nimepiga pasi kanzu,
nimekaa kwenye busati, pale pangu.
Bi Kazija kanisimamia na mwiko:
"Wewe unangoja nini hapo?
Mgeni gani anajua sukari naificha wapi?
Ondoka. Nenda kanitafutie mgeni."

Basi niko barabarani na jua la Julai,
nawakodolea wanaoshuka kwenye magari
kama mchuuzi. Moyo haujui
umepewa kitu au umenyang'anywa.
Wanawake wa kaskazini wanapita, wananiona,
wimbo wao unageuka papo hapo:
kuna fundi wa matofali, ukuta wake umepinda,
kwa Kikae, na nimeuelewa wote.

Ukuta ule haukupinda.
Nitawaonyesha kwa timazi, kesho.
Leo nimeshika bua la mgomba mkono mmoja,
wa pili nampungia kijana mwenye begi
aliyejibana ukutani, anatafuta mlango wa kufunga.
"Karibu," namwambia. "Wataacha sasa hivi.
Chakula cha leo utakula kwa nani?"