Mlezi Hana Kura

Mimi ndiye katibu. Miaka kumi na mmoja
nimeandika kwa kalamu ya buluu
mikutano ya Ndugu wa Mtakatifu Yosefu,
kigango chetu kidogo, njia ya Mumias,
mvua ya saa tisa ikipiga mabati
hata mweka hazina husoma hesabu kwa sauti ya mnadi.

Mtafute padre mlezi humo daftarini.
Utamkuta mara mbili kila mkutano:
"Padre Onsarigo alifungua kwa sala."
"Padre Onsarigo alifunga kwa sala."
Ibara ya saba inasema wazi:
mlezi atahudhuria, atashauri, hatapiga kura.
Naye aliitii kupita kiasi.
Aliketi mwisho wa benchi, kando ya mlango,
pale maji huingia,
akimenya karanga,
maganda akiyatia mfukoni mwa kanzu.

Sauti ya kuimba hakujaliwa.
Majina yetu aliyavuruga: Efumbi akimwita Ambundo,
Ambundo akimwita "wewe wa baiskeli".
Kiswahili chake kilipanda na kushuka
kama vilima vya kwao Keroka.

Lakini sikuandika siku ya Shitandi.
Alikufa akidaiwa michango ya miezi kumi na tisa,
na ibara ya kumi na mbili haina macho:
asiyelipa habebwi.
Hapati skafu za kijani wala jeneza la chama.
Tulibishana mpaka chai ikaota utando.
Efumbi, seremala, akasema sheria ni msumeno,
na nani angembishia yeye kuhusu misumeno?
Kumi na wanne kwa tisa. Habebwi.

Padre akapangusa mikono.
Akauliza, kama mtu anayeulizia njia:
"Udongo wa kwa Shitandi ni mfinyanzi ama ni kichanga?"
"Ni mawe," mtu akajibu.
"Basi nitahitaji sururu."
Akatoka, mvua hiyo hiyo.

Kabla ya giza Efumbi alikuwa ndani ya shimo, magotini tope,
na mbao za mvule zilikuwa zimelala uani,
hakuna aliyeuliza zimetoka wapi.
Nami nikaandika: "Ajenda ya nne: hoja ilipita."
Ni kweli ilipita.
Ilitupita kama trekta la miwa.

Wala sikuandika zile elfu nane zilizopotea
zikarudi ndani ya mkebe wa kakao
wiki moja baada ya pikipiki yake kuonekana
kwa mtu fulani hadi usiku wa manane.
Sijui waliambiana nini.
Kisima kile kina kifuniko.

Kisha Juni hii, tulipofika "Mengineyo",
aliinua mkono. Mara ya kwanza.
Mwenyekiti akatafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

"Ndugu, mama yangu hanijui tena.
Ananiita fundi wa paa.
Jumamosi ameniuliza bei ya kupiga mabati."
Akacheka kidogo, akaacha.
"Nikamtajia bei."

Hakuna ibara ya jambo hilo.
Miaka yote tulimletea yetu,
ndoa zilizopasuka, wana wasiopiga simu,
kama watu wanaomwaga maji uani
bila kujiuliza ardhi inayapeleka wapi.

Efumbi akainuka. Akamwekea begani
kile kiganja cha gundi na randa,
akaanza Baba Yetu, polepole, kwa Kiluhya,
jinsi alivyofundishwa jikoni.
Tukaitikia, kila mtu kwa lugha aliyoishika kwanza,
wengine wakiangalia juu,
wengine, nadhani, tukimwangalia huyu wa benchini.

Karanga zilimwagika. Hakuna aliyeziokota.

Usiku nikanakili safi, taa ikipepesa:
"Mkutano ulifungwa kwa sala."
Jina nililiacha.
Mwenyekiti alisoma mara mbili,
akanitazama,
akatia sahihi.