Daftari la Saba

Kurasa zimeshikana kwa chumvi;
nazibandua kwa kisu cha siagi.
Kassamali Walji na Wanawe, Usita wa Mui, Lamu,
wanunuzi wa vitu vya kale.
Karani wao hakuwa na haraka.

Sahani za Kichina kumi na mbili, moja ina ufa.
Kiti cha enzi, kamba zimelegea.
Mitawanda ya mpingo, mguu mmoja.
Msahafu usio na jalada: umerudishwa kwa wenyewe, haukuandikiwa bei.

Kisha namba mia nne na sita:
mlango, mbao mbili na mfaa wake, nakshi za mayungiyungi,
kutoka kwa Mwanakhadija binti Shee Lali, Mkomani.
Shilingi themanini. Umekwenda Hamburg.

Nyumbani tuliambiwa mchwa waliula.
Nimekua nikiwachukia mchwa,
nikiwamwagia mafuta ya taa kwa niaba ya bibi,
na hodi zetu tukizipiga kwenye bati.
Mchwa hawatoi stakabadhi.

Themanini. Mwaka uleule
babangu, mtoto wa miaka sita, alipasuliwa tumbo Mombasa.
Nimezigawa: nauli, daktari, kitanda,
na za mwisho, nadhani, zilinunua lile bati.

Pembeni, kwa herufi za Kiarabu, wino wa rangi nyingine,
karani ameandika ambalo Walji hakumuuliza:
“Mwenyewe amekuja tena leo.
Ameomba aufunge mara moja,
kisha aufungue.”

Nimelifunga daftari.
Nimelifungua.